Siku Siklagi Yako Inapoungua: Mwongozo wa Kujitia Nguvu Katika Bwana

Moto ulianza usiku wa manane. Jirani yangu wa sokoni alinipigia simu saa kumi kasoro, na nilipofika na khanga begani nilikuta mabati ya kibanda changu yamejikunja na harufu ya nguo zilizoungua, harufu ambayo hata leo nikiisikia jalalani tumbo linanikaza. Siku mbili kabla nilikuwa nimefungua mabelo mawili ya nguo za watoto. Moja lilikuwa la mkopo wa kikoba. La pili, nakiri, lilikuwa la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali.

Wiki ile niliambiwa "mtegemee Mungu" labda mara mia. Hakuna aliyeniambia mtu anamtegemeaje Mungu Jumanne asubuhi, mtoto anadai daftari na mdai amekaa barazani. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyajua baadaye, mengine kwa kukosea. Wewe huenda hukuunguliwa na kibanda. Umefiwa, umeachishwa kazi, unauguza, ndoa imevunjika. Hatua ni zilezile, ila utazipita kwa mwendo wako.

Kabla ya yote, fungua Biblia yako 1 Samweli 30, usome mpaka mwisho wa sura. Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi, mji waliokuwa wakikaa, siku ya tatu, wanakuta Waamaleki wameuteketeza mji na kuwachukua wake na watoto. Wakalia mpaka wakakosa nguvu za kulia. Kisha wale wenzake wakaanza kusema wampige mawe. Na hapo, mstari wa 6, kuna maneno machache ambayo mwongozo huu wote umeyaegemea: "lakini Daudi alijitia nguvu katika BWANA, Mungu wake."

Hatua ya kwanza: lia, na ulie ukimwelekea Mungu

Angalia mpangilio wa ile sura. Kilio ni mstari wa 4, nguvu ni mstari wa 6. Sisi kanisani tumezoea kuruka mstari wa 4. Mtu anafiwa, hata matanga hayajaisha, tunamwambia "usilie, mama, wewe umeokoka." Daudi alikuwa ameshatiwa mafuta na Samweli, na alilia kama watu wengine wote.

Tofauti ipo kwenye uelekeo. Unaweza kulia ukiwa umeugeukia ukuta, na unaweza kulia ukiwa unamwambia Mungu yaliyokupata. Karibu theluthi moja ya Zaburi ni malalamiko ya namna hii, kwa hiyo huhitaji kutunga. Chukua Zaburi 13. Ina mistari sita tu. Inaanza kwa "hata lini" mara nne mfululizo, kisha inaomba, kisha inaishia kwenye tumaini. Fanya hivi:

Ukiwa peke yako, isome kwa sauti. Usiisome kimoyomoyo, sauti inasaidia. Ukifika kwenye "hata lini", simama, weka za kwako. Mimi nilisema: Hata lini nitapita nyuma ya nyumba nikimkimbia mdai? Hata lini nitamdanganya mtoto kwamba sina njaa? Kisha omba kitu kimoja, kitaje kwa jina lake. Ukishindwa kufika mistari miwili ya mwisho, ile ya kumwimbia Bwana, ishia hapo ulipo. Kesho utarudi. Zaburi 88 yenyewe inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa furaha, na bado imo kwenye Biblia pamoja na zile za shangwe.

Mimi niliimaliza Zaburi 13 siku ya tisa.

Hatua ya pili: kula, lala, meza dawa zako

Najua unasubiri niseme funga na ukeshe. Kufunga kuna mahali pake, lakini tazama Mungu alivyomhudumia Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amekaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika hakumletea mahubiri. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Ni baada ya usingizi na milo miwili ndipo alipoenda siku 40 mpaka Horebu, na kule ndiko alikosikia ile sauti ndogo ya utulivu.

Wiki ya kwanza baada ya moto sikuwa nalala, nikajipa moyo kwamba nakesha kwa maombi. Ukweli nilikuwa nakesha nikipiga hesabu za madeni gizani na kumalizia kila hesabu kwa "ee Mungu". Mama mmoja mzee wa kanisa, mjane, alikuja jioni na sufuria ya ndizi nyama, akanikalisha, akaniangalia nikila mpaka mwisho kama mtoto. Akanawa mikono, akasema, "Haya, sasa lala. Tutaomba kesho." Akaondoka na sufuria yake. Ile ndiyo siku ya kwanza niliyohisi kwamba Mungu ananiona.

Kwa hiyo: mlo mmoja wa moto kwa siku, hata ukiwa uji. Kulala kwa saa inayojulikana, simu ikiwa mbali na kitanda. Kama unatumia dawa za presha, za sukari, ARV au nyingine yoyote, usiziache kwa sababu ya mfungo au kwa sababu mtu amekutabiria kwamba umepona. Paulo alisafiri na Luka, ambaye anamwita tabibu mpendwa, na Timotheo alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakuna aliyewaambia hawana imani.

Tena sikiliza hili vizuri. Kama zaidi ya wiki mbili hulali, huli, huoni ladha ya kitu chochote, nenda hospitali uwaeleze hivyohivyo. Kama umeanza kufikiria kujiua, usingoje hizo wiki mbili. Mwambie mtu leo, asikuache peke yako, mwende hospitali pamoja. Eliya aliomba kufa na Mungu hakumkaripia. Alimletea msaada.

Hatua ya tatu: jitie nguvu kwa kukumbuka

Biblia haituelezi Daudi alifanya nini hasa pale alipojitia nguvu. Hili lilinisumbua muda mrefu, mpaka nilipokutana na sura ya 23 ya kitabu hichohicho. Miaka ya nyuma, Daudi akiwa mafichoni katika mwitu wa Zifu, Yonathani alimwendea "akamtia nguvu mkono wake katika Mungu." Akamwambia asiogope, akamkumbusha alichoahidiwa na Mungu. Maneno ni karibu yaleyale. Mimi nasoma hivi: kule mwituni rafiki alimfanyia, Siklagi akajifanyia mwenyewe, kwa sababu alishaonyeshwa njia. Na njia ilikuwa kukumbuka.

Tafuta daftari la kawaida, lile la kurasa 40 linatosha. Ukurasa wa kwanza andika mambo matano ambayo Mungu amewahi kukutoa, pamoja na mwaka na mahali. Usiandike "Mungu ni mwema", hiyo tunaijua. Andika kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. La kwangu la kwanza lilisomeka: "2009. Ada ya kidato cha pili. Mjomba ambaye tulikuwa hatuongei alituma yote, hakuna aliyemwomba." La pili lilikuwa la uzazi wangu wa kwanza, na hilo nitabaki nalo.

Yasipofika matano, andika mawili. Usibuni.

Kisha kila asubuhi, kabla hujagusa simu (kabla hujagusa, maana ukishafungua magrupu ya WhatsApp asubuhi hiyo imekwisha), fanya hivi kwa dakika kumi au kumi na tano. Soma ukurasa wako wa kwanza. Soma zaburi moja, ileile wiki nzima. Niliyokaa nayo mimi ni ya 42, ambayo mwenye zaburi anaongea na nafsi yake, anaiuliza kwa nini inainama. Jifunze kufanya hivyo. Sisi kawaida tunaisikiliza nafsi kuanzia asubuhi hadi usiku, inatuambia tumekwisha, na hatuijibu. Halafu andika mistari mitatu: kinachouma leo, ninachoomba leo, nilichopokea jana. Huo wa tatu ndio mgumu. Kuna siku niliandika "maji ya bomba yametoka" kwa sababu kweli sikuona kingine.

Uombee nguvu za siku hiyo tu. Jangwani Waisraeli walipewa mana ya kutosha siku moja, na waliolimbikiza walikuta imeingia mabuu na inanuka. Siku ya sita tu ndipo walipookota ya siku mbili, kwa ajili ya Sabato. Mtu aliye kwenye dhiki hutaka apewe leo nguvu za miezi sita ijayo, ajihakikishie. Mimi sikuwahi kupewa. Nilipewa za Jumatatu, na Jumanne nikaamka mtupu nikaomba tena, na nilichukua muda kuelewa kwamba ule utupu wa asubuhi haumaanishi maombi ya jana yalikataliwa.

Hatua ya nne: muulize Mungu swali linalojibika

Baada ya kujitia nguvu Daudi alimwita kuhani Abiathari alete naivera, lile vazi la kikuhani la kumwulizia Mungu, akauliza: niwafuate? Nitawapata? Angeweza kuuliza kwa nini. Ameishi uhamishoni kwa Wafilisti, amepoteza kila kitu, watu wake wanasema wampige mawe. Aliuliza kuhusu hatua inayofuata.

"Kwa nini mimi" si dhambi, Ayubu aliuliza kwa sura nyingi. Ila usikae ukilisubiri jibu lake ndipo unyanyuke. Chukua karatasi, uandike hali ilivyo. Yangu ilikuwa hivi: kikoba 600,000, kausha damu 350,000 na riba inapanda, mwenye fremu miezi miwili, dukani kwa Mangi 47,000. Nilipoiona kwenye karatasi nililia upya, lakini kilikuwa kilio cha kitu chenye mwisho. Gizani deni halina mwisho.

Weka karatasi mbele ya Mungu, uliza: kesho nianze na lipi? Kisha kesho ufanye hilo moja. Mimi nilianza na kikoba. Nilikwenda kwa mwenyekiti kabla ya siku ya kikao, nikamwambia rejesho la mwezi huu sina, naomba nipangiwe upya. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Walinipangia upya, na wakanikumbusha kwamba kuna mfuko wa jamii ambao nimekuwa nikiuchangia kila wiki miaka mitatu kwa ajili ya majanga hasa. Nilikuwa nimeusahau! Wale wa kausha damu hawakuwa na huruma hiyo, walichukua televisheni. Nao pia niliwafuata mwenyewe, nikaenda na ndugu yangu wa kiume ili tuandikishane, na kila nilicholipa nilidai risiti.

Kwa anayeuguza, swali linaweza kuwa: nani atamwangalia mgonjwa Jumatano ili nami nipumzike? Kwa aliyefiwa: nguo zake nizigawe sasa au nisubiri? Maswali ya namna hii Mungu huyajibu mara nyingi kupitia akili aliyokupa na watu waliokuzunguka. Usidharau jibu kwa sababu halikuja kwa ndoto.

Hatua ya tano: tafuta watu wawili

Mstari unaoandikwa kwenye daladala na fulana kuliko mwingine wowote labda ni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na mistari inayoutangulia inahusu kushiba na kuona njaa. Hazungumzii kushinda tenda. Lakini watu huishia hapo. Mstari wa 14 unafuata mara moja: "Lakini mlifanya vema, kuishiriki dhiki yangu." Epafrodito alikuwa amemletea vitu kutoka Filipi. Mtu yuleyule anayetiwa nguvu na Kristo anashukuru kwa mzigo ulioletwa na mtu wa kawaida, na haoni mgongano.

Usitangazie usharika mzima. Chagua wawili: mmoja anayeweza kuomba nawe bila kuhubiri, mwingine anayeweza kufanya kazi. Si lazima wawe ndugu. Waambie unachohitaji kwa kipimo: "Naomba unishikie mtoto Jumatano saa nne mpaka saa nane." "Naomba unipigie kila jioni saa mbili, hata dakika tatu." Ukisema "niombeeni tu", watakuombea tu.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Hapo walikuwa marafiki wazuri. Waliharibu walipofungua midomo. Kama uliowachagua wameanza kukutafutia dhambi iliyoleta msiba, wape pole, badilisha watu. Yesu aliulizwa kuhusu yule kipofu tangu kuzaliwa, nani alitenda dhambi, akajibu si yeye wala wazazi wake.

Na kwa kuwa tumegusa hilo: utafuatwa. Mtu aliyeunguliwa ananukia pesa za mwisho mwisho. Nililetewa habari za chupa ya mafuta, maji, na mahali pa kupanda mbegu ili kibanda kirudi mara saba. Nilikuwa na 30,000 ya chakula na nusura niipeleke. Sitamhukumu aliyepeleka yake. Lakini sadaka hutolewa kwa shukrani, wala haiwi bei ya kumnunua Mungu. Anayekuomba pesa ya unga wa watoto ili akuombee, mwambie utarudi, usirudi.

Siku ambazo huwezi kuvuka kijito

Hii siiiti hatua. Katika mbio za kuwafuata Waamaleki, watu 200 walichoka wasiweze kuvuka kijito cha Besori. Walibaki na mizigo. Wale 400 waliporudi na ushindi, baadhi wakasema hawa wasipewe kitu zaidi ya wake na watoto wao. Daudi akakataa: fungu la aliyeshuka vitani na la aliyebaki na vyombo ni sawasawa. Akaifanya sheria katika Israeli.

Utakuwa na siku za Besori. Zaburi haisomeki, daftari halifunguki, ukisimama kuomba unasikia maneno yanaanguka karibu na miguu yako. Siku hiyo baki na mizigo. Kama ni Jumapili, nenda ibadani ukae nyuma, usiimbe, waache wengine waimbe kwa niaba yako. Kama ni siku ya jumuiya, nenda ukanywe chai. Sema sala ya Bwana mara moja, kwa mdomo tu ikibidi. Usijiwekee deni la kiroho la kulipa kesho. Kuna Jumapili nne mfululizo ambazo sikumbuki hata neno moja la mahubiri. Nakumbuka ubavu wa mama yule mjane ukigusana na wangu kwenye benchi.

Jambo moja zaidi, unaposikia angalau unaweza kusimama. Njiani Daudi na watu wake walimkuta Mmisri ametupwa kondeni, siku tatu hajala wala kunywa. Wana haraka, wake zao wako mikononi mwa adui, lakini walisimama wakampa mkate, maji, kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu kavu. Baadaye yeye ndiye aliyewaonyesha njia. Kwangu haikuwa nzuri hivyo. Kulikuwa na kijana kuli pale sokoni ambaye naye alipoteza riziki moto ulipopita, nikawa nampa chai na viazi vya kuchemsha asubuhi nilipokuwa nauza chai. Hakunionyesha njia yoyote. Nilipata tu nusu saa kila siku ya kumfikiria mtu mwingine, na nusu saa hiyo ilikuwa ya kupumua.

Daudi alirudishiwa vyote, sura inasema hakikupungua kitu. Mimi sikurudishiwa kibanda. Nilimaliza madeni baada ya miezi kumi na minne, na sasa nauzia barazani kwa mtu, belo moja kwa wakati, bila mkopo. Televisheni bado hatuna. Mwezi uliopita mtu alichoma taka za nguo nyuma ya soko, moshi ukanifikia nikiwa napanga sweta za watoto, mikono ikaanza kutetemeka kama usiku ule. Nilikaa kwenye ndoo, nikalia kidogo. Nikanywa maji. Halafu nikatoa daftari kwenye mkoba, lile lile, jalada limeshachanika, nikafungua ukurasa wa kwanza. Sasa mambo yamefika kumi na moja.